Zimeni Simu Zenu: Nani Alaumiwe Spika Inaponguruma?

Katika kumbi za mikutano za nchi yetu kuna amri ambayo mshereheshaji huitoa mara tu wageni wanapoketi: zimeni simu zenu. Tumeizoea kiasi cha kuiona kuwa ni suala la adabu peke yake. Adabu imo, sikatai. Lakini kwa miaka mingi kulikuwa na sababu ya pili ambayo kila aliyewahi kukaa karibu na spika anaijua: ule mlio wa kukwaruza unaokuja kwa vipigo vya haraka, sekunde chache kabla simu ya mtu haijaita, unaomkatiza msemaji katikati ya hoja na kumfanya fundi wa mitambo ainuke kitini.

Ndani ya amri hiyo fupi mna nadharia kamili ya sheria. Simu ndiyo mkosaji, amplifaya ndiyo mhanga, na aliyeleta simu ukumbini ndiye anayepaswa kujirekebisha. Aliyetengeneza amplifaya hatajwi. Nimekuwa nikiisoma historia ya viwango vya kinga ya vifaa vya sauti dhidi ya mawimbi ya redio, somo ambalo wanafunzi wangu wa historia ya siasa huliona la mafundi umeme, na kadiri ninavyolisoma ndivyo ninavyosadiki kwamba ni somo letu. Historia hiyo inaonyesha jinsi wajibu ulivyobebeshwa jirani, ukahamishiwa kiwandani katika bara moja na kubaki njiani katika jingine, na jinsi tarakimu moja iliyoandikwa kwa ajili ya viwanda ilivyogeuka kuwa haki ya msikilizaji.

Kwanza jambo lenyewe lieleweke. Amplifaya haikuundwa ipokee redio, lakini ina kila kinachohitajika ili iipokee. Waya unaotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika ni antena, liwe ni kusudi la mtengenezaji au lisiwe. Wimbi la masafa ya megahezi 27 lina urefu wa mita 11 hivi. Robo yake ni mita 2 na sentimita 78, na waya wa urefu unaokaribia robo ya wimbi hulipokea wimbi hilo vizuri sana. Sasa pima waya wa spika katika sebule ya kawaida. Wimbi likishaingia kwa njia ya waya, hukutana na transista ya kwanza. Transista hupitisha mkondo upande mmoja kwa wepesi kuliko upande mwingine, na kwa tabia hiyo hulikata wimbi na kuacha kivuli cha ukubwa wake kinavyopanda na kushuka. Kivuli hicho ndicho sauti ya mtu aliyekuwa akizungumza redioni. Baada ya hapo amplifaya hufanya kazi yake kwa uaminifu: huikuza sauti hiyo, na jirani husikika sebuleni ingawa redio imezimwa.

Tiba yake si siri wala si ghali. Kapasita ndogo kwenye mlango wa kuingilia sauti, kipande cha feriti kilichozungushiwa waya, na utando wa chuma unaozunguka waya uunganishwe na kasha la chuma mahali pale pale waya unapoingia. Fundi anayejua kazi yake aweza kuyafanya hayo kabla ya chakula cha mchana. Kiwandani, wakati wa kuunda, gharama yake ni ndogo zaidi. Swali halikuwa kamwe iwapo inawezekana. Swali lilikuwa nani alazimishwe.

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa dhahiri. Mwaka 1933 mashirika ya kimataifa yenye maslahi katika jambo hili, yakiwamo ya watangazaji na ya ufundi wa umeme, yalikutana Paris kujadili kelele zilizokuwa zikiharibu matangazo ya redio. Kutoka hapo ikazaliwa kamati maalumu inayojulikana hadi leo kwa kifupi cha jina lake la Kifaransa, CISPR, iliyofanya mkutano wake wa kwanza mwaka 1934. Redio ilikuwa changa, tena ndiyo mgonjwa. Wakosaji walikuwa mota za umeme, tramu, plagi za magari, mashine za hospitali. Kazi ya kamati ilikuwa kukubaliana namna moja ya kupima kelele zinazotoka kwenye mashine hizo na kiasi gani kiruhusiwe. Haja ya biashara nayo ilikuwapo tangu siku ya kwanza: kama kila nchi ingepima kwa namna yake, bidhaa zingekwama mipakani. Ninalitaja hili mapema kwa sababu tutakutana nalo tena.

Basi fikra ya awali ilikuwa ya upande mmoja. Kuna anayetoa kelele na kuna anayeipokea, na sheria humfuata anayetoa. Ilifaa wakati mtoaji alipokuwa mashine yenye kasoro. Ilianza kuyumba pale mtoaji alipokuwa mtu mwenye leseni, anayerusha katika masafa aliyopewa, kwa nguvu aliyoruhusiwa, na mtambo wake hauna kasoro yoyote, huku amplifaya ya jirani ikimpokea kwa sababu ya uzembe wa aliyeiunda.

Marekani ndiko mgogoro huo ulikofikia kilele. Tangu mwaka 1958 raia wa kawaida waliruhusiwa kuzungumziana kwa redio ndogo katika masafa ya megahezi 27, kwa nguvu isiyozidi wati 4. Kwa miaka kumi na tano ilikuwa huduma ya kimyakimya. Kisha likaja tatizo la mafuta la mwaka 1973, mwendo wa barabarani ukashushwa, na madereva wa malori wakazigeuza redio hizo kuwa njia ya kuambizana kituo kipi kina mafuta na askari yuko wapi. Mtindo ukawaambukiza watu wa mijini. Kufikia tarehe 1 Januari 1977 serikali ililazimika kuongeza njia za mazungumzo kutoka 23 hadi 40. Wakati huo huo nyumba za watu wa kipato cha kati zilikuwa zimejaa mitambo ya muziki ya transista yenye spika zilizofungwa mbali na amplifaya, kwa waya wa mita mbili tatu. Msomaji akumbuke hesabu ya robo ya wimbi.

Ikawa vurugu. Malalamiko yalimiminika katika Tume ya Mawasiliano ya Marekani. Wapo watumiaji waliokuwa wakikosa kweli, waliofunga vikuza nguvu haramu, na mwaka 1978 Tume ilichukua hatua dhidi ya uuzaji wa vikuza hivyo. Lakini wapo pia wasio na kosa, na hasa warushaji wa redio ya ridhaa, watu waliofanya mtihani na kupewa leseni, ambao waligongewa milango na majirani wenye hasira kwa sababu sauti zao zilitoka katika kinanda cha umeme cha kanisa au katika simu ya mezani. Tume iliweza kumkagua mrushaji na kumkuta safi. Baada ya hapo haikuwa na la kufanya, maana sheria ya mawasiliano ya mwaka 1934 haikuipa mamlaka yoyote ya kumwambia mwenye kiwanda aunde amplifaya isiyopokea redio.

Aliyelishika jambo hilo bungeni alikuwa Seneta Barry Goldwater wa Arizona, yule aliyegombea urais mwaka 1964 na kushindwa vibaya. Wanafunzi wa siasa humjua kama baba wa uhafidhina wa Marekani, adui wa serikali kuu kuingilia biashara. Hawajui kwamba alikuwa mrushaji wa redio ya ridhaa, mwenye alama ya wito K7UGA. Na hapa ndipo historia inapotufurahisha sisi tunaoisoma kwa ajili ya vitendawili vyake: mtetezi wa soko huria alisukuma kwa miaka kadhaa muswada wa kuipa serikali uwezo wa kuwaamuru watengenezaji. Tarehe 13 Septemba 1982 Rais Reagan aliutia saini. Sheria mpya iliipa Tume mamlaka ya kuweka viwango vya chini vya utendaji kwa vifaa vya umeme vya nyumbani, ili kupunguza udhaifu wake mbele ya mawimbi ya redio. Kwa maneno mengine, kwa mara ya kwanza mhanga naye aliweza kuulizwa: mbona hukujikinga?

Tume haikuitumia amri hiyo kuweka kiwango cha lazima. Ilichagua hiari: watengenezaji wakutane katika kamati zao, wakubaliane wenyewe, watekeleze wanavyoona. Miaka ikapita, mamlaka ikabaki katika vitabu vya sheria. Watumishi wa umma wanaosoma safu hii wanaifahamu hali hiyo bila kuelezwa. Kila wizara ina kifungu kinachosema Waziri anaweza kutunga kanuni, na neno “anaweza” limelala humo tangu Bunge lilipolipitisha.

Mamlaka iliyolala haikukosa madhara, kwa sababu upande wake mmoja ulikuwa macho. Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ile lilieleza pia kwamba masuala ya mwingiliano wa mawimbi ni ya serikali kuu peke yake. Halmashauri za miji zisijitungie kanuni, mahakama za majimbo zisiamue. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Sita ilikataa kesi ya kero dhidi ya wenye mnara wa redio uliokuwa ukivuruga vifaa vya nyumbani, kwa hoja hiyo hiyo: jambo hili ni la Tume. Tazama sasa mlalamikaji amesimama wapi. Mahakama inamwambia aende kwenye Tume. Tume inamwambia mrushaji hana kosa, na kwamba kifaa chake ndicho dhaifu. Kuhusu udhaifu wa kifaa, Tume ina mamlaka lakini haina kanuni. Amefungiwa mlango wa kwanza, na wa pili amekuta umepakwa rangi ukutani.

Ushahidi wa uchaguzi huo unao nyumbani kwako. Geuza kompyuta au kifaa cha kidijiti kilichoandaliwa pia kwa soko la Marekani, utafute maandishi madogo. Mara nyingi utakuta masharti mawili ya Tume: kwamba kifaa hakiruhusiwi kusababisha mwingiliano wenye madhara, na kwamba ni lazima kikubali mwingiliano wowote kitakaoupokea, hata ule utakaokifanya kitende kisivyotakiwa. Sharti la kwanza ni la mtengenezaji. La pili limeandikwa kana kwamba linakihusu kifaa, ilhali linamhusu mnunuzi. Ni yeye anayeambiwa avumilie. Amplifaya ya kawaida isiyo na sehemu za kidijiti haikudaiwa hata maandishi hayo.

Ulaya ilikwenda njia nyingine, na nitahadharishe mapema kwamba haikwenda kwa huruma. Tarehe 3 Mei 1989 Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ilitoa Agizo namba 89/336. Kifungu cha 4 kina matakwa mawili yanayolingana kwa uzito: kifaa kisitoe vurugu inayozuia vifaa vingine kufanya kazi, na kifaa chenyewe kiwe na kinga ya asili ya kutosha ili kifanye kazi kama ilivyokusudiwa. Agizo lilianza mwaka 1992, watengenezaji wakapewa muda wa mpito hadi tarehe 31 Desemba 1995. Kuanzia siku iliyofuata, amplifaya isiyo na kinga haikuweza kuuzwa kihalali kutoka Lisbon hadi Helsinki.

Kwa nini Ulaya iliweza? Kwa sababu ilikuwa ikijenga soko moja. Ujerumani ilikuwa na kanuni zake za mawimbi, Ufaransa zake, Uingereza zake, na kila kanuni ilikuwa kizuizi cha forodha kilichovaa koti jeupe la maabara. Ili kuondoa vizuizi hivyo Jumuiya ilihitaji kanuni moja, na ilipokuwa ikiiandika iliweka pande zote mbili, kutoa na kupokea. Msikilizaji alipata ulinzi kama mtu anavyopata kivuli cha mti uliopandwa kwa ajili ya mbao. Sioni aibu kulisema hilo kwa wanaharakati, ambao hupenda kuamini kwamba kila haki ilidaiwa barabarani. Nyingine zilipita dirishani wakati wenye nguvu wakijadili bei.

Lakini agizo husema tu “kinga ya kutosha”. Kutosha ni kiasi gani? Hilo waliachiwa watu wa viwango, yaani kamati ambazo viti vyake vingi hukaliwa na wahandisi wa makampuni, kwa sababu ndio wenye nauli, maabara na muda. Na hapa ndipo tunapokutana na tarakimu niliyoitaja mwanzoni: volti 3 kwa mita. Hiyo ndiyo nguvu ya uga wa mawimbi ambayo kifaa cha nyumbani kilitakiwa kuistahimili katika viwango vya jumla vya Ulaya vya miaka ya 1990, na ingali inatumika. Asili yake ni kiwango cha kimataifa cha mwaka 1984, IEC 801-3, kilichoandikwa kwa ajili ya vyombo vya kupimia na kuongozea mitambo viwandani. Tishio lililowakaa akilini waandishi wake lilikuwa redio za mkononi za walinzi na mafundi. Kiliweka ngazi tatu, volti 1, 3 na 10 kwa mita, na mtumiaji achague ngazi kulingana na mazingira. Sebule ikapewa ya katikati.

Kwa hesabu ya vitabuni, mtambo mdogo wa wati 2 wenye antena ya kawaida huleta uga wa takriban volti 3 kwa mita ukiwa umbali wa mita 3 na ushei. Ukisogezwa hadi mita 1 uga hufika volti 10. Kwenye meza ya msemaji, sentimita 30 kutoka kwenye kipaza sauti, unakuwa zaidi ya volti 30. Wati 2 ndiyo nguvu ya juu ya simu ya mkononi ya GSM ya megahezi 900, mfumo ulioanza kutoa huduma Ulaya mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1990. Agizo lilipokuwa likianza kubana, tishio lilikuwa limekwisha kuhama kutoka kwa jirani wa pili na kuingia mfukoni mwa msemaji. Kifaa kiliweza kufaulu mtihani kwa halali kabisa na bado kikanguruma ukumbini.

Kuna kejeli nyingine ndani ya GSM ambayo sijapata kuikuta katika mihadhara ya siasa ya teknolojia, nami nitaieleza kwa sababu inafurahisha. Kumbuka kwamba transista humfichua mrushaji kwa kufuata kupanda na kushuka kwa ukubwa wa wimbi. Wimbi ambalo ukubwa wake haubadiliki halina cha kufichua. Ndiyo faida mojawapo ya FM, ambayo Uingereza iliichagua ilipohalalisha redio za raia mwezi Novemba 1981. Wabunifu wa GSM nao walichagua namna ya kubeba taarifa ambayo ukubwa wa wimbi hubaki ule ule. Kwa hiyo ilipasa iwe simu tulivu. Ila ili watu wanane washirikiane masafa mamoja, walikata muda vipande, kila simu ikapewa zamu ya muda mfupi kuliko elfu moja ya sekunde, na zamu hiyo hurudi mara 217 kwa sekunde. Simu huwaka na kuzimika mara 217 kila sekunde, na masikio yetu husikia vizuri sana katika eneo hilo. Wimbi lililochaguliwa ili lisisikike lilipigiwa ngoma.

Katika ukumbi huo ni usumbufu tu. Kwa mtu mwenye ulemavu wa kusikia ilikuwa kufungiwa nje. Shime sikio ni amplifaya ndogo kuliko zote, yenye kipaza sauti, transista na spika ndani ya kasha la plastiki, na mwenye nalo anapopiga simu huiweka simu papo hapo, kwa umbali wa kidole. Mwaka 1995 maabara ya taifa ya usikivu ya Australia ilichapisha utafiti wake juu ya mngurumo huo. Mwaka 1997 kikatoka kiwango cha kimataifa cha kinga ya shime sikio, IEC 60118-13. Wanafunzi wa sera wangefanya vema kusoma toleo lililofuata, la mwaka 2004, linalotenganisha watu wawili. Yuko aliye karibu, anayevaa shime sikio wakati mtu mwingine anatumia simu; kifaa chake kistahimili volti 3 kwa mita katika masafa ya simu ya megahezi 900. Yuko mtumiaji, anayetaka kuzungumza na simu yeye mwenyewe. Kifaa chake kistahimili volti 75. Kati ya tarakimu hizo mbili kuna umbali wote uliopo kati ya kuvumiliwa katika jamii na kushiriki. Kamati ya wahandisi iliandika katika jedwali kile ambacho katiba nyingi huandika kwa aya ndefu na kukikosa.

Marekani, kwa shime sikio, hatimaye ilitoka kwenye hiari. Bunge lilikuwa limepitisha mwaka 1988 sheria ya kulazimisha simu zipatane na shime sikio, lakini simu zisizo na waya zilisamehewa. Mwaka 2003 Tume iliondoa msamaha huo kwa sehemu na kuwadai watengenezaji na makampuni ya huduma watoe aina kadhaa za simu zilizopimwa na kupewa alama ya upatanifu. Nani aliyebadilisha mizani? Si mpenzi wa muziki, ambaye hakuwa na jumuiya. Ni watu wenye ulemavu, waliokuwa na jumuiya, mawakili, na sheria ya miaka kumi na mitano nyuma ya kuelekeza kidole. Hapo barabara ilishinda, na niliyosema juu ya mti na kivuli hayaihusu.

Huku nyuma mafundi wa sauti walikuwa na mjadala wao, bila serikali. Mwaka 1994 mhandisi Neil Muncy aliwaeleza wenzake katika Jumuiya ya Uhandisi wa Sauti kosa lililoenea katika vifaa vya kitaalamu, vikiwamo vya bei kubwa: utando wa chuma wa waya, uliowekwa ili kuzuia mawimbi, ulikuwa ukiunganishwa ndani kwenye ubao wa sakiti badala ya kwenye kasha. Hivyo mkondo ulionaswa na utando uliingizwa moja kwa moja mahali ulipokuwa ukizuiwa usifike, kama mlinzi amkamataye mwizi getini na kumleta chumbani. Makala yake ilichapishwa mwaka 1995, na mwaka 2005 jumuiya hiyo ilitoa kiwango cha AES48 kinachosema uunganishwe kwenye kasha. Ni cha hiari. Kati ya kosa kutajwa hadharani na kiwango kutoka ilipita miaka kumi, na hayo yalikuwa miongoni mwa watu waliokuwa na nia njema.

Kwa vifaa vya kitaalamu Ulaya ilikuwa imetoa viwango vyake mwaka 1996, EN 55103, sehemu ya pili ikiwa ya kinga. Humo, kama katika viwango vingine vya kundi hilo, kuna kifungu kinachostahili kusomwa kwa sauti katika semina za utawala: kifaa kimefaulu iwapo hakikushuka chini ya kiwango cha utendaji kilichotajwa na mtengenezaji. Mtahiniwa hutaja alama ya kufaulu. Hoja ya kiufundi ipo, kwani huwezi kuidai spika ya kutangazia stendi ya mabasi usafi wa sauti unaoudai kwenye studio. Hata hivyo mnunuzi anayeridhika na alama ya CE pembeni ya kasha, bila kuuliza mtengenezaji alitaja nini, amenunua ahadi asiyoisoma.

Hilo ndilo linalotuhusu sisi, ambao hatukuwamo Paris mwaka 1933 wala Brussels mwaka 1989. Nchi zetu huchukua matini za kimataifa na kuzipa namba za kitaifa, jambo ambalo silioni baya. Hakuna sababu ya kuvumbua upya volti. Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme ilianzisha mwaka 2001 mpango wa nchi zinazoendelea kushiriki bila ada, ila hazihesabiwi kuwa wanachama. Tunapokea jedwali lililokwisha kujazwa. Ndani yake mna sebule ya Ulaya yenye simu moja mbali, na kumbi zetu zina watu mia tano, kila mmoja na simu mbili, paa la bati, na waya wa kipaza sauti wa mita thelathini uliopita chini ya viti.

Teknolojia mpya za simu hazina ile ngoma ya mara 217, na mlio unapungua bila mtu kudai sifa. Mwaka 2016 kamati ya CISPR ilitoa kiwango kipya cha kinga kwa vifaa vyote vya sauti, picha na kompyuta, CISPR 35, kinachochukua nafasi ya vile vya zamani. Ulaya inakiita EN 55035. Lakini simu za kizazi cha pili zingali mikononi mwa wengi huku kwetu, hasa vijijini, na mitambo ya sauti inayonunuliwa kwa fedha za umma kwa ajili ya kumbi za halmashauri, mahakama na vyuo huishi miaka kumi na zaidi.

Maafisa ununuzi kadhaa wamewahi kunionyesha vipengele vya zabuni za mitambo hiyo. Humo huwa mna wati, idadi ya spika, urefu wa waya, dhamana ya mwaka mmoja, mara nyingine rangi. Sijaona kinachomdai mzabuni alete ripoti ya upimaji wa kinga kwa mujibu wa EN 55035, pamoja na ukurasa ambao mtengenezaji ametaja kiwango chake cha utendaji. Ni mistari miwili. Haihitaji muswada bungeni wala kibali cha Waziri, na inaweza kuingizwa katika zabuni ya robo mwaka ijayo.